Gia Yenye Pengo

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mchezo. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia habari hii alishtuka kwanza, akaniuliza kama tulikuwa na kibali. Ni bunduki ya betri, plastiki tupu kwa nje, inarusha vipira vyeupe vidogo kama punje za njegere. Mdogo wangu aliipata Mbeya kwenye fungu la vitu vilivyotumika, ikiwa imekufa, akaifufua mwenyewe. Mtendaji wa kijiji alipoiona alimwambia aipake rangi ya kuonekana, isije ikamletea matatizo barabarani. Akaipaka njano, rangi iliyobaki walipopaka geti la usharika wetu. Kwa hiyo ilikuwa bunduki ya njano, hata mtoto mchanga asingeiogopa. Tumbili ndio walioiogopa.

Shamba la mama liko Igowole, Mufindi, upande wa juu limepakana na msitu wa mipaina. Mahindi yakianza kubeba, tumbili wanashuka kutoka kwenye ile miti kama watu waliopewa mwaliko. Mdogo wangu alijenga dungu katikati ya shamba, kile kibanda kidogo cha juu ya nguzo cha kulindia, akaezeka turubai, akawa anashinda humo na bunduki yake. Vile vipira havikuwa vinaumiza kitu. Kwa mbali vinaanguka kwenye majani kama mvua ya mawe iliyokosa nguvu. Walichoogopa wanyama wale ni sauti. Bunduki ile ilikuwa na mlio wake: tititi, halafu inakwama kidogo, ka, halafu tititi tena. Tititi-ka, tititi-ka. Mama akiwa jikoni chini huku akiusikia alikuwa anasema, "Yupo," anaendelea na kazi zake.

Igowole ukungu wa masika haumhurumii mtu. Unaingia chini ya turubai, unalowanisha blanketi, unabaki kifuani. Mdogo wangu alianza kukohoa, akasema ni mafua. Tulipompeleka hospitali mapafu yalikuwa yameshajaa. Sitaki kumlaumu mtu. Hospitali walifanya kazi yao, sisi tulichelewa, na yeye mwenyewe alikuwa mbishi. Nikigawa lawama sawasawa, kila mmoja anapata kipande chake.

Siku ya tatu ya matanga yake, mchana, wanawake wakimenya viazi uani, bunduki ilifyatuka yenyewe chumbani kwake. Tititi-ka, tititi-ka, ikapiga ukuta mpaka vipira vikaisha. Mmoja aliangusha beseni, wengine walikimbilia barabarani. Mama hakukimbia. Aliinuka, akaenda akasimama mlangoni pa kile chumba, akasema kwa Kihehe, "Kamwene," kama mtu anayemsalimu aliyetoka safari.

Baadaye fundi niliyempelekea ile bunduki aliniambia kwamba ni swichi ya ndani iliyoungua, ikagusana yenyewe. Namwamini, maana alinionyesha mahali peusi palipoungua. Lakini niseme pia kwamba fundi hakuwepo siku ile, na mama alikuwepo. Mimi nilikuwa kisimani.

Tulipoanua tanga, wajomba waligawa vitu vya marehemu. Koti la mvua lilikwenda kwa jirani yetu, mzee aliyestaafu kwenye mashamba ya chai. Bunduki hakuna aliyeitaka. Mjomba mkubwa aliishika kwa ncha za vidole, akasema, "Hii apewe dada yake. Wa mjini haogopi vitu vya umeme." Watu wakacheka, cheko la kwanza tangu mazishi. Basi nikapewa mimi, muuza mitumba wa Mlandege, Iringa, niliyeishia darasa la saba, ambaye hata pasi ya umeme huwa naichomoa mara mbili.

Lakini sikuondoka nayo. Mama aliniomba abaki nayo kwanza. Nami nikarudi Iringa, na wiki chache baadaye jirani akanipigia simu.

"Mwanangu, mama yako yuko dunguni."

"Anafanya nini?"

"Analinda. Lakini tumbili wakiwa hawapo, anapiga tu."

Nilipanda gari mpaka Igowole. Nikamkuta juu kule, amejifunika blanketi lilelile, anakohoa. Na kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa kikavu, kinaanzia chini, kinakatika mwishoni kama kamba. Nilisimama kwenye matope nikashika nguzo ya dungu. Nilijua kwamba asiposhuka, nitaitwa tena hapa kwa sababu ileile.

"Mama, shuka twende Iringa."

"Shamba alinde nani?"

"Jirani atalinda."

"Jirani nimpe nini, fimbo? Hii yenyewe siku hizi inafanya kazi leo, kesho inagoma." Akaitikisa ile bunduki. Ndani kulikuwa na kitu kinachezacheza. "Kaitengeneze isife tena. Ikishakuwa kitu cha kuaminika nampa jirani, nashuka. Naye asikie kwamba nimesema."

Jirani alikuwa chini amevaa lile koti la mvua. Akasema, "Nimesikia, mama."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya gia.

Fundi niliyempelekea yuko Mlandege, si mbali na meza yangu ya nguo. Anatengeneza cherehani, blenda, drili, chochote chenye mota. Ni mtu wa maneno mengi. Nilipoitoa bunduki kwenye mfuko alinyanyua mikono juu.

"Dada, chukua vyote, mimi nina watoto."

"Acha mchezo. Ni ya tumbili."

"Hata hao tumbili wana mama zao."

Alipoifungua alinyamaza, na fundi yule akinyamaza ujue kuna jambo. Ndani ya ile plastiki kuna kasha la chuma, na ndani ya kasha kuna gia tatu zinazosukumana. Ya mwisho inavuta pistoni nyuma, springi inajikunja, halafu inaachia, pistoni inarudi kwa kasi na kusukuma hewa, na ile hewa ndiyo inayorusha kipira. Nimeandika kama alivyonieleza. Kama nimekosea, kosa ni langu, yeye alieleza vizuri.

Gia ya katikati ilikuwa na pengo. Jino moja halipo.

"Hapa ndipo inapokwama," akasema. "Ikifika kwenye pengo inaruka. Ka! Umesikia? Leo pengo moja, kesho manne, halafu inasaga nyingine zote."

Kisha akatoa kitu kingine kwa ncha ya bisibisi. Mbele ya kasha, pale pistoni inapogonga, palikuwa pamebandikwa kipande cha kandambili ya buluu, kimekatwa mduara vizuri, kimegandishwa kwa gundi. Fundi akapiga mluzi. Akasema kwamba pale ndipo makasha mengi yanapopasuka, na aliyeweka ile raba alijua anachofanya. Raba ilikuwa imekauka ngumu, haifai tena. Alichukua kitambaa chenye petroli apafute.

"Ngoja," nikamwambia.

Kwenye gundi iliyokauka palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yote ilikuwepo, mpaka kile kikovu cha panga alichokipata marehemu tukiwa wadogo, tukivuna ulezi. Fundi aliangalia ile alama, akaniangalia mimi, akaweka kitambaa chini. Alikichokoa kile kipande taratibu na gundi yake, akanipa pamoja na gia yenye pengo. Nikavitia kwenye kopo tupu la siagi. Yeye akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Vifaa vipya havikuwepo Iringa. Alinielekeza duka moja Mbeya, Mwanjelwa, linalouza vipuri vya midoli mikubwa, magari ya rimoti na ndege zile za kupigia picha. Akaniazima sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, ameifunga uzi.

"Gia watakuonyesha za kung'aa. Usidanganyike na kung'aa. Weka sumaku. Isiponasa, ni zile bati za kuyeyusha, meno yake yanavunjika kama biskuti. Ikinasa, chukua, halafu igonge kwenye sakafu usikie. Chuma kizuri kinalia, kibovu kinanung'unika."

Alitaka pia nilete springi ngumu zaidi. Alisema tukitia springi ngumu, vipira vitafika mpaka ndani ya mipaina. Nilimuuliza kama itadumu. Akakuna kichwa.

"Kudumu ni habari nyingine. Springi ngumu inaua gia, inaua pistoni, inaua kasha. Kila mmoja anabebeshwa."

"Basi springi ibaki ya zamani."

"Haya, bosi."

Nasema hili si kujisifu. Sikujua kitu. Nilitaka tu isife.

Muuzaji wa Mwanjelwa alikuwa mwenye kofia ya kufuma, mcheshi, lafudhi ya pwani. Nilipomwambia ninachotaka aliita mwenzake aje asikie.

"Mama huyu anataka gia za chuma za bunduki. Mama, unavamia benki gani, tukae mbali?"

"Benki ya mahindi. Wavamizi ni tumbili."

"Tumbili gani wa kupigwa kwa chuma cha pua?"

"Wa Mufindi."

"Ahaa, wale. Wale hata mizinga haiwashtui." Akanimwagia gia kwenye kioo cha kabati. Nilipotoa sumaku yangu ya uzi alicheka mpaka akakaa, lakini alinisubiri. Zile za kung'aa hazikunasa hata moja. Zilizonasa zilikuwa nyeusi, mbaya kwa macho, nzito. Niligonga moja kwenye sakafu yake. Ililia. Muuzaji akaacha kucheka, akasema, "Aliyekufundisha amekufundisha." Akanionyesha pistoni mbili, moja ya chuma chote na moja ya plastiki yenye safu ya meno ya chuma. Nikidhani ya chuma chote ndiyo ya kudumu, nikainyooshea mkono. Akanizuia, na hakuwa na faida hapo, maana ile ilikuwa ghali zaidi.

"Chukua hii ya plastiki. Nyepesi, haigongi kasha kwa nguvu. Na mambo yakiharibika, inavunjika yenyewe, gia zinapona. Humo ndani lazima mmoja awe laini, afe kwa niaba ya wengine."

Sijui kwa nini maneno yale yalinikaa vibaya. Alikuwa anaongea habari ya plastiki. Nililipa, nikachukua na bushi za chuma ambamo gia huzungukia, na mpira mpya wa kuzuia kishindo, na vishata, vile viduara vyembamba vya chuma vya kuweka chini ya gia. Gia nilinunua seti mbili. Sikujiamini kwamba nimechagua vizuri, nikaona nikikosea moja, nyingine itaniokoa. Kwamba zilikuwa za aina moja, na kosa lingekuwa lilelile, nililifikiria nikiwa nimeshafika Makambako.

Fundi alikaa na kasha lile mchana mzima. Alikuwa anaweka kishata, anazungusha gia kwa kidole, anaegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye kasha, anasikiliza, anatoa kishata, anaweka kingine. Gia zikikaa karibu mno zinasagana, zikikaa mbali zinagongana. Akabadilisha na swichi. Mwisho akafunga, akaweka betri, akabonyeza.

Ilikwenda laini kama cherehani mpya. Tititititi, bila kukwama.

"Sikiliza hiyo!" akasema. "Hiyo itatuzika, wewe na mimi."

Wapita njia walisimama kusikiliza. Nilimshukuru, na nilimaanisha. Lakini niliibonyeza tena mwenyewe, nikitafuta nisichokijua. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Nilipoifikisha Igowole, mama hakushuka dunguni. Alisema kwanza aisikie. Tumbili walikuwa wameshaingia upande wa juu, wanavunja mahindi bila haraka. Nikampa jirani. Alitembea kati ya mistari, akanyoosha, akabonyeza.

Tititititi.

Tumbili wakageuza vichwa, wakatazama. Dume lao likaendelea kutafuna. Walianza kuondoka vipira vilipowafikia kabisa, na waliondoka kwa miguu yao, hawakukimbia. Niwe mkweli: wiki ile kampuni moja ilikuwa inakata mipaina upande wa juu, na wanyama walikuwa na njaa. Labda hata mlio wa zamani usingewakimbiza. Sijui. Nimelifikiria mara nyingi, nabaki katikati.

Mama alikuwa amesimama dunguni ameshika mti wa paa.

"Hiyo siyo," akasema.

"Mama, ndiyo ileile. Ona njano yake."

"Nimesema siyo. Ile ilikuwa inakwama."

"Ilikuwa inakwama kwa sababu ilikuwa mbovu, mama. Sasa haifi tena. Ulisema ikiwa ya kuaminika utashuka."

Alikaa chini, akavuta blanketi, akageukia mipaina. Kikohozi kikaanza. Jirani alivua kofia akawa anaigeuzageuza mikononi, mtu mzima hana pa kuweka macho. Mimi nililia, lakini upande wa migomba, nisionekane.

Nilikwenda Iringa na jambo moja kichwani. Fundi alipokuwa anakunywa chai, nilimwekea mbele ile seti ya pili ya gia.

"Hii ya katikati. Nataka uing'oe jino moja."

Alitua kikombe. "Ngoja nirudie nisikie vizuri. Uende Mbeya, uchague chuma kizuri, ukipime kwa sumaku yangu, halafu nikutilie pengo?"

"Ndiyo."

"Dada, umelogwa au unaniloga?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya dungu, ya kikohozi, ya tititi-ka. Hakunitania tena. Alifungua kopo la siagi nililokuja nalo, akapima ile gia ya zamani, akahesabu meno kutoka kwenye alama ya kiwandani, akabana ile mpya kwenye jiriwa na kuanza kuikwangua kwa tupa. Chuma kilikuwa kigumu, tupa inalia. Jasho lilimtoka. Alipomaliza aliipuliza, akaniwekea mkononi, bado ina moto.

"Hii itakwama vilevile kama ya marehemu. Tofauti moja. Ya kwake ilikuwa inakwisha. Ukiiacha ingesagika, ingenyamaza yenyewe siku moja. Hii ni chuma cha pua. Hii itamwita huyo mama mpaka na wewe uitwe bibi."

Alinifundisha kufungua kasha na kufunga. Gia niliifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima, kupita Mafinga, mpaka tulipoacha lami, nilikuwa naigusa. Maneno ya fundi yalikuwa yananizunguka. Nilikuwa napeleka dawa au nilikuwa napeleka kitu cha kumfunga mama juu ya zile nguzo kwa chuma kisichochakaa? Akisikia ule mlio atashuka kama alivyoahidi. Au akiusikia hatashuka kamwe. Kila nilipodhani nimeamua, upande wa pili ulikuwa unadai haki yake. Nilishuka kwenye gari bila kujua mkono wangu utafanya nini.

Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa mama.

Nilidhani kuna mgeni. Nikasukuma mlango, nikamkuta yeye, amekaa kwenye kigoda chake, anakoroga uji. Blanketi lilikuwa limefuliwa, limeanikwa juu ya jiko.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene, mwanangu. Umekonda."

"Dunguni je?"

"Kule hamna mtu."

Alisema hivyo tu, akaongeza kuni. Baadaye jirani alinieleza nyuma ya nyumba. Kwamba tangu niondoke, kila alipopiga ile bunduki mpya, mama alikuwa anainua kichwa na kusubiri. Anasubiri mahali pale pa kukwama. Pakipita, anashusha kichwa. Siku kadhaa alikuwa hivyo, anasikiliza kuliko anavyolinda. Halafu asubuhi moja, kukiwa na ukungu mzito, jirani alimwona anashuka ngazi mwenyewe, na blanketi, na kigoda. Alimpita bila kumsemesha, isipokuwa kumwambia, "Uangalie ule upande wa juu."

"Sikumwambia kitu," jirani akasema. "Nilimwacha apite. Nilifanya vibaya?"

Nilimwambia hapana. Sikuwa na hakika.

Jioni mapema, mvua ikinyesha kidogo, mama alinimiminia uji. Akauliza bila kunitazama, "Kile kibovu cha ndani, kilichokuwa kinakwama. Umekitupa?"

"Hapana. Kipo Iringa, kwenye kopo. Na kipande cha kandambili alichokibandika. Kina alama ya kidole chake."

"Kidole gani?"

"Gumba. Kile cha kikovu."

"Hicho nitakiona nikifika. Lakini hicho kingine kiache hukohuko koponi. Msinirudishie." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia moshi. "Kesho tuondoke na gari la asubuhi, kabla sijabadilika."

Pindo la kanga lilikuwa zito pajani kwangu. Sikumwambia kilichomo. Nimejiuliza tangu hapo kama nilimficha kitu kilicho chake, na kama angekuwa bado na mwanawe kidogo lau mimi nisingejifanya fundi. Hata hivyo alikohoa mara chache tu jioni ile, na ndani ya nyumba hakukuwa na unyevu. Yote mawili ni kweli na ninayaandika yote mawili.

Kisha huko juu shambani jirani alipiga. Mlio ulishuka kwenye mvua, laini, tititititi. Mama alikuwa amenyanyua mwiko kutoka kwenye sufuria. Akauacha hewani, uji unadondoka, ameinamisha sikio upande wa mlango, na mimi nilijikuta nimeshikilia kikombe changu bila kunywa. Mahali pa kukwama palifika. Pakapita. Mama akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara moja, ka, polepole, akaendelea kukoroga.